Kiondo cha Mwanamume

Vipofu walisuka, viwete walishona, na mabubu walipiga randa. Hivyo ndivyo tulivyogawanywa siku ya kwanza, tukiwa bado tumeshika mabunda yetu ya nguo, na hakuna aliyeulizwa anapenda nini. Naandika maneno hayo jinsi yalivyosemwa. Miaka ya sabini watu hawakuchagua maneno, na sisi wenyewe tulitaniana kwa hayo hayo, kiwete akimcheka kipofu na kipofu akimrudishia.

Chuo kilikuwa nje kidogo ya mji wa Kitui, karibu na kanisa. Nilipelekwa na mchungaji wetu wa Kanyangi, ambaye alikuwa amesikia kwamba huko watu kama mimi hufundishwa kazi ya mikono kisha hurudi makwao wakijitegemea. Macho yangu yaliharibiwa na surua nikiwa bado mdogo wa kuchunga ndama. Nakumbuka wekundu wa udongo wa kwetu na weupe wa mchanga wa mtoni wakati wa kiangazi. Kuna watu hupenda nijidai kwamba nakumbuka uso wa mama au nyota, lakini sikumbuki.

Nilikwenda chuoni na jambo moja kichwani. Baba alikuwa amefariki, ndugu zangu walikuwa wameoa, na chakula changu kilitoka kwa wake zao kwa zamu. Huyu leo, yule kesho. Hawakuninyima, ila nilijua kwa jinsi sahani ilivyowekwa chini ni zamu ya nani na ana hasira kiasi gani. Nilitaka nyumba yangu na mke wangu, nile chakula ambacho hakikuwa zamu ya mtu.

Na mke mwenyewe nilikuwa nimemjua tayari. Alikuwa akianzisha nyimbo kanisani, na kwao kulikuwa ng'ambo ya mto wetu mdogo. Tulipotoka ibadani alitembea kando yangu akinieleza alichokiona, bila mimi kumuuliza, na nusu yake ulikuwa uongo. Siku moja, wakati wa maombi, alininong'oneza kwamba mzee wa kanisa amevaa kiatu kimoja cha mke wake. Nilicheka kwa sauti, nikakemewa mbele ya watu wote, naye akaendelea kuomba macho yamefumbwa, au ndivyo alivyoniambia baadaye. Nilipokuwa naondoka kwenda Kitui alinieleza waziwazi.

"Baba hawezi kunitoa kwa mtu anayelishwa. Pata kazi, halafu ulete mbuzi."

Kwetu hakuna ndoa bila mbuzi wale wa kwanza. Mahari yanaweza kungoja hata watoto wakue, lakini mbuzi wa kwanza wasipoingia zizini kwa baba wa msichana, huyo si mke wa mtu. Kwa hiyo mambo yalikuwa rahisi kuelewa: kazi, mbuzi, mke.

Kisha nikapewa kazi yenyewe, na kazi yenyewe ilikuwa kiondo.

Kwa asiyejua Ukambani, lazima nieleze. Mwanamume wa kwetu huchonga mti, hufuga nyuki, husokota kamba ya kufungia ng'ombe. Kiondo, kikapu chetu cha nyuzi, ni cha mwanamke tangu mwanzo hadi mwisho. Msichana hufunzwa na mama yake kusokota nyuzi za katani kwenye paja, na akishajua husuka popote, akienda kisimani, akienda sokoni, mikono haipumziki. Mwanamume hakigusi kiondo ambacho hakijaisha. Ukionekana umeshika uzi wa mwanamke, hata kwa kumsaidia aliyeanguka, utataniwa mpaka msimu mwingine wa mvua.

Mwalimu wetu hakujua hayo. Alitoka upande wa ziwa, na kwao kusuka vikapu ni kazi ya wanaume. Alikuwa mtu mpole, mwenye vidole vigumu na harufu ya tumbaku. Tulipokataa kushika nyuzi alidhani ni uvivu. Alituhubiria kuhusu kujitegemea, na sisi vijana wa Kitui na Makueni tukakaa kimya kwenye benchi, mikono kwapani. Mwishowe akasema, kwa uchungu kabisa:

"Nyinyi vijana, mko na shida gani? Kwetu, mwanamume hajui kusuka kapu, hapati bibi!"

"Mwalimu," nikamjibu, "kwetu anayejua ndiye hapati."

Benchi zima lilivunjika mbavu. Yeye hakucheka. Alikwenda ofisini kuuliza kama ni kweli, akarudi, akatuambia ofisi imesema wageni wananunua viondo, katani imejaa kila mahali, na matete anayoyajua yeye hayaoti huku. Baadaye tuligundua kwamba hata yeye alikuwa amefundishwa kiondo na mama mpishi wa chuo, majuma machache kabla ya sisi kufika. Nilimhurumia kidogo. Alikuwa ameletwa kutoka mbali kufundisha asichokijua watu wasiokitaka.

Niliomba kuhamishiwa useremala. Karakana ilikuwa ng'ambo ya uwanja, na harufu ya mbao ilinijia kila asubuhi, nikaionea wivu. Msimamizi alinisikiliza kwa upole, akanishika mkono, akanieleza habari za msumeno, na jibu likabaki lile lile: vipofu husuka. Mmoja wetu, kijana wa Matiliku, alifunga virago akaenda zake. Alisema afadhali akaketi kwao bure kuliko kurudi na kazi ya mama yake. Mimi nilizifikiria zile sahani za zamu, nikabaki.

Jambo la aibu kuliko yote ni kwamba niliipenda. Sikutarajia. Kiondo huanzia kitakoni, nyuzi zikipitana katikati kama njia panda, kisha unazunguka na kuzunguka ukiongeza nyuzi za kusimama kadiri kitako kinavyopanuka. Ukikosea hapo mwanzo, kiondo chote kitaegemea upande na hakuna dawa. Vidole vyangu vilielewa hayo kabla mwalimu hajamaliza kuyaeleza. Rangi nazo nilizijua kwa kugusa, kwa sababu uzi uliotiwa rangi nyeusi hukakamaa, ule mwekundu hukwaruza kidogo, na usiotiwa rangi hubaki laini. Mama mpishi alikuwa akija kushika viondo vyangu bila kusema neno, na mtu wa jikoni akinyamaza ujue ameridhika.

Nilirudi Kanyangi na furushi la katani, na nilipofika nikamweleza mama yangu ukweli. Alicheka kwanza. Kisha akakipapasa kiondo nilichomletea, akaingiza mkono ndani, akakigeuza.

"Hiki ni chako kweli?"

"Ni changu."

"Basi funga mlango," akasema.

Mama alikuwa na mengi mazuri lakini usukaji haukuwa mojawapo. Viondo vyake vilikaa upande upande na akina mama wenzake walimtania navyo maisha yake yote. Yeye ndiye aliyepanga mambo. Mimi ningesuka ndani ya nyumba, mlango umefungwa, na yeye angeuza siku ya soko kama vyake. Kwa watu wengine tungesema kwamba chuoni nilifundishwa kusokota kamba. Na kweli nilisokota kamba kadhaa, zikatundikwa kwenye ua wa miti mahali pa kuonekana, na wakati mwingine mtu alinunua moja.

Mpango ulikwenda vizuri kuliko tulivyotegemea. Viondo vya mama vilianza kutafutwa. Wanawake walimuuliza imekuwaje, akawajibu kwamba uzee umemtuliza mikono. Katika muda usio mrefu tulipata mbuzi wazuri, na baba yangu mdogo akawapeleka ng'ambo ya mto kama inavyotakiwa. Wakaingia zizini. Nilikaa nikisubiri habari hiyo roho mkononi, na ilipofika nilifurahi mpaka nikashindwa kula.

Yule msichana naye sikuwa nimemwambia. Aliniuliza mara moja, tukitoka kanisani, ninafanya nini ndani siku nzima.

"Nasokota kamba."

"Kamba zote hizo ni za nini? Mnataka kufunga Kitui nzima isihame?"

Nikabadilisha maneno. Nilijua akili yake haikuwa ya kudanganywa muda mrefu, lakini nilijiambia kwamba tukishaoana nitamweleza, na kwamba mke hawezi kumrudisha mume kwao.

Siku iliyoharibu mambo, mama yake mwenyewe ndiye aliyekuja kwetu, akiwa na bintiye. Hapo tena kuna desturi. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakutani ovyo. Akimwona njiani huacha njia, akija nyumbani yeye huondoka au hujificha, wala hawatazamani usoni. Ni heshima, na tunaichukulia kwa uzito. Niliposikia sauti yake uani nilibaki ndani, nyuma ya mlango uliofungwa, kiondo magotini. Nilikuwa mtu pekee katika kata ile asiyeweza kumtazama mkwe wake hata kama angetaka, lakini desturi haikuniweka kando, nami sikutaka iniweke kando.

Waliketi kwenye ngozi chini ya dirisha. Nilisikia kila kitu.

"Dada," alisema mama wa msichana, "nimekuja na aibu yangu. Huyu mtoto nimemfundisha kusuka mpaka nimechoka. Mikono yake ni ya kuimba tu. Sasa anakuja kwako, na watu watasema nimekuletea mwanamke asiyejua kiondo. Wewe ndiwe unayesuka kuliko sisi wote siku hizi. Mwanzishie kitako, aone vile unafanya, halafu nitamwacha hapa ajifunze."

Mama alisema macho yanamsumbua. Yule akasema hapana, mwanga ni mzuri. Mama akasema vidole vinamuuma. Yule akasema kitako tu, dada, si kiondo kizima. Hakukuwa na pa kutokea. Nikasikia nyuzi zikitolewa, zikipangwa, kisha zikiteleza. Zikapangwa tena. Mtu anayesuka kila siku husikika, kuna mwendo fulani kama wa mtu anayetafuna, na mama hakuwa nao. Msichana alikohoa. Zikateleza tena.

Kimya kilichofuata kilikuwa cha adabu, halafu kikaacha kuwa cha adabu.

"Hivi viondo unavyouza," alisema mama wa msichana polepole, "ni vya nani?"

Nikasikia mama akizikusanya nyuzi upya.

"Unanunua vya watu huko Kitui unatuambia ni vyako? Ama kuna mtu anaibiwa? Dada, sisi tumepokea mbuzi kutoka hapa. Niambie mbuzi wale wametoka wapi."

Mama yangu hakuwa mtu wa kukosa la kusema. Alikuwa na jibu kwa chifu, kwa mchungaji na kwa mwenye duka. Sasa nilimsikia akipumua tu. Alikuwa tayari kuitwa mwizi uani kwake kuliko kutaja jina langu, na hilo sikuliweza. Nilifungua mlango. Sikupiga moyo konde wala nini, na nilijigonga kwenye mwimo. Nikachuchumaa pale nilipozisikia nyuzi, nikanyoosha mkono.

"Mama, nipe."

Mkwe wangu alitoa sauti kama ya mtu aliyemwagiwa maji, na nikasikia nguo ikivutwa, nadhani alijifunika kichwa. Mama aliniwekea nyuzi mkononi. Nikapanga njia panda, nikaanza kuzunguka. Nilikuwa nimeinamisha uso chini kwa heshima, nikisuka mbele ya mama mkwe wangu, na sijui hata leo ni lipi kati ya hayo mawili lililokuwa baya zaidi kwake. Nilisuka mpaka kitako kikawa na ukubwa wa kiganja, ili pasiwe na shaka yoyote. Nikakiweka kwenye ngozi.

Mama wa msichana aliondoka bila kuaga. Nilimsikia akiharakisha kuelekea mtoni. Msichana alimfuata, na hakusema hata neno moja. Mtu anayeona angeweza kuutazama uso wake ajue. Mimi nilibaki na hatua zake tu, na hatua hazikunieleza kitu.

Habari zilisambaa upesi. Ndugu zangu walinikasirikia kwa sababu watoto wao walikuwa wakichekwa. Kutoka ng'ambo ya mto tuliletewa maneno ya baba wa msichana, aliyoyasema mbele ya watu kwenye duka la chai: kwamba anataka aelezwe, katika nyumba hiyo, ni nani atakuwa mume na ni nani atakuwa mke. Watu walicheka sana. Ningekuwa mtu mwingine, na mimi ningecheka. Alisema pia kwamba mbuzi watarudi, na mbuzi wakirudi maneno yamekwisha, hata aliyewapeleka hana haki ya kuuliza.

Siku hizo nilimchukia mwalimu wangu, na ofisi, na mchungaji, na kila mtu aliyewahi kuniambia neno kujitegemea. Sikusuka. Mama aliweka chakula mbele yangu, na wake za ndugu zangu wakaanza tena zamu zao, kwa huruma safari hii.

Mbuzi walirudi mchana, siku ya jua kali. Niliwasikia wakilia mtoni, nikawajua kwa sauti, kwa maana tulikuwa tumewafuga wenyewe. Nikaketi mlangoni kuwangoja. Nilitazamia sauti ya kaka yake au ya mjomba. Mama ndiye aliyetangulia kusema.

"Aiya! Wewe?"

"Ni mimi, mama," alijibu msichana. Alikuwa akihema. "Baba amenituma niwarudishe mimi mwenyewe. Amesema watu waniangalie njiani, ndio nipate akili."

Mama alichukua kamba kutoka mkononi mwake. Hakulalamika. Aliwafunga mbuzi, akamletea maji, akangoja anywe amalize.

"Asante, mwanangu. Sasa wahi kurudi, jua likipungua njia ina giza kule mtoni."

"Baba amesema mbuzi warudi," alisema msichana. "Mimi hajasema nirudi."

Mbuzi mmoja alikuwa akila kitu kilichotundikwa uani, moja ya zile kamba zangu nadhani. Kisha nikamsikia msichana akija mpaka nilipoketi, akasimama mbele yangu, na alipozungumza alikuwa na hasira kweli kweli, si mzaha wake wa siku zote.

"Uliniambia kamba."

"Nilikuambia kamba," nikasema.

"Mimi nakueleza mpaka viatu vya watu kanisani, na wewe unaniambia kamba."

"Ningekuambia kiondo, ungekuja?"

Alifikiri kwanza, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. "Sijui," alisema. "Ningecheka. Halafu sijui." Akaketi chini. "Kusuka siwezi, ulimsikia mama yangu akisema, na sitaki kujifunza. Mmoja akijua inatosha. Lakini mimi sitaolewa na mtu wa kujifungia mchana kama mgonjwa. Ukitaka nikae, utasuka hapa nje, hapo kwenye njia, watu wakipita."

"Watanicheka."

"Watatucheka. Mimi nimechekwa tangu ng'ambo ya mto mpaka hapa nikiswaga mbuzi."

Baba mdogo aliwarudisha mbuzi kesho yake asubuhi, akilalamika njia nzima kwamba hajawahi kuona mifugo inayotembezwa hivi. Baba wa msichana hakutoka nje. Mbuzi walishinda wamefungwa langoni, juani, na watu wakapita wakiwatazama. Jioni mtu fulani aliwafungua akawaingiza zizini. Hakuna aliyekubali kwamba ni yeye, lakini walikuwa ndani, na hilo lilitosha kwa desturi.

Siku hiyo hiyo, wakati mbuzi wakiwa bado langoni na sisi hatujajua watapokelewa au la, nilitoa kigoda changu nje. Ilikuwa siku ya soko. Nilikiweka ukingoni mwa njia, msichana akaketi nyuma yangu akichambua pojo, nikaweka nyuzi pajani nikaanza kusokota, jinsi wanawake wanavyofanya, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kufanya. Wanaume wa kwanza walinyamaza walipofika karibu. Nilizisikia hatua zao zikipungua mwendo, kisha zikasimama. Mmoja wao, ambaye tulichunga naye utotoni, alinisalimu kwa maamkio ya wanawake, na wenzake wakaangua kicheko kilichowafuata mpaka kwenye kona. Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na sikuingia ndani.